Saini iliyokuwa ikipotea kila asubuhi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Outlook

Simu ilikuja Jumatatu, kabla ya saa tatu asubuhi. "Fundi, saini yangu imeondoka tena. Imerudi ile ya zamani." Ilikuwa mara ya tatu ndani ya wiki mbili dada huyu kunieleza jambo hilohilo, na mara mbili za mwanzo nilikuwa nimemhakikishia kwamba limekwisha.

Yeye ndiye anayeshughulikia nyaraka katika ofisi ndogo ya uwakala wa forodha, Kurasini, Dar es Salaam. Ofisi ina kompyuta tisa, sava moja ya mafaili kwenye chumba cha nyuma, na kazi ambayo karibu yote hupita kwenye barua pepe: kuomba dilivari oda (hati ya kuruhusu mzigo kuchukuliwa) kwa wakala wa meli, kumtumia mteja hesabu ya kodi, kufuatilia kontena lililokwama. Kila barua humalizikia na saini yenye jina, cheo, simu ya mezani, simu ya mkononi na TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya kampuni. Ofisi ilikuwa imehama kutoka katikati ya jiji, na ile simu ya mezani ya zamani ilishakatwa. Sasa mchukulie mteja ambaye kontena lake limemaliza siku za bure bandarini, tozo ya kuhifadhi inapanda kila kukicha, naye anahangaika na namba aliyoikuta chini ya barua, namba ambayo haiiti. Kwa watu hawa saini ndiyo mlango wa ofisi, na mlango ule ulikuwa unarudi kwenye jengo la zamani kila siku.

Naanza na makosa yangu, kwa sababu ndiyo yaliyokula wiki mbili. Mara ya kwanza nilisikia "saini haikai" nikaamini Outlook, programu ya barua pepe wanayoitumia, imeharibika. Nikafungua Control Panel, nikachagua kuikarabati Office, kifurushi chenye Outlook ndani yake, tena ule ukarabati mkubwa unaopakua programu upya kutoka kwenye intaneti. Ukala bando la ofisi na saa mbili za kazi ya dada. Tulipomaliza tukaandika saini mpya, tukafunga Outlook, tukaifungua tena, saini ikawepo. Nikaaga. Kesho yake asubuhi ikawa imeondoka. Mara ya pili nikamtengenezea wasifu mpya wa Outlook, yaani akaunti ikasanidiwa upya kutoka mwanzo. Tukajaribu vilevile: funga, fungua, ipo. Nikaaga tena.

Katika ziara ile ya pili dada alinieleza jambo ambalo nililisikia kwa sikio moja. Alisema, "Kaka, Ijumaa nilibeba laptopu nyumbani. Jumamosi nzima saini mpya ilikuwepo. Jumatatu nimefika hapa, haipo." Mimi nilikuwa nimezama kwenye madirisha ya usanidi, nikaitikia tu. Jibu la kisa hiki lilikuwa ndani ya sentensi zile.

Ziara ya tatu nilianza kwa kukaa chini na kumsikiliza. Hapo ndipo nilipotenganisha mambo mawili ambayo mtumiaji huyaita kwa jina moja. Mtu akisema saini haihifadhiki, huenda ana maana kwamba programu imeshindwa kuiandika kwenye diski. Huenda pia programu imeiandika sawasawa, halafu kitu kingine kikaja kuifuta au kuandika juu yake. Machoni pa mwenye kompyuta ni tatizo moja: nimeandika, haipo. Kwa fundi ni magonjwa mawili, na dawa ya moja haigusi lingine hata kidogo. Ukarabati wa Office ungeweza kusaidia kwenye ugonjwa wa kwanza. Mimi niliutumia bila kujua ninatibu ugonjwa upi.

Njia ya kuyatenganisha ni kuuliza saini inapotea lini. Niliandika saini ya majaribio yenye neno JARIBIO juu kabisa, nikabofya kuhifadhi, nikafunga kidirisha cha saini na kukifungua tena hapohapo. Ikiwa imeshatoweka katika hatua hiyo, basi Outlook yenyewe inashindwa kuandika: folda imenyimwa ruhusa ya kuandikwa, au antivairasi inazuia, au usajili wa Office ndani ya Windows (maingizo yake kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows) umevurugika. Usajili ukivurugika, mara nyingi dalili hujitokeza mapema zaidi: unabofya kitufe cha Signatures na hakuna kinachofunguka, au programu inaganda. Kwa dada hakuna hata moja ya hayo. JARIBIO lilikuwepo.

Kisha nikafunga Outlook na kuifungua. Lipo. Kisha nikatoka kwenye akaunti ya Windows bila kuzima mashine, nikaingia tena kwa nywila yake. Nikafungua Outlook.

Halipo. Imerudi ile ya zamani, na namba yake iliyokatwa.

Jaribio hilo la tatu ndilo ambalo sikulifanya kwenye ziara mbili za mwanzo, na halichukui hata dakika tano. Saini ilivumilia kufungwa kwa Outlook lakini haikuvumilia kuingia kwenye Windows. Kwa hiyo Outlook haikuwa na kosa. Kulikuwa na kitu kinachoamka pamoja na Windows.

Saini hupotea wakati wa kuingia kwa sababu zaidi ya moja, na kabla ya kumkamata mhusika nilizipitia. Ipo hali ambapo Windows inashindwa kufungua wasifu wa mtumiaji, inampa wasifu wa muda, na akitoka kila alichofanya kinafutwa. Hali hiyo huambatana na dalili nyingine ambazo huwezi kutoziona: mafaili ya kwenye desktopu hayapo, picha ya nyuma imebadilika, na Windows yenyewe hutoa ujumbe kwamba umeingia kwa wasifu wa muda. Dada alikuwa na mafaili yake yote. Ipo pia programu kama Deep Freeze, ambayo vyuo na intaneti kafe hupenda kuiweka: kila mashine ikiwashwa upya, diski inarudi ilivyokuwa siku ilipogandishwa. Hiyo ingefuta na barua za mteja alizozihifadhi kwenye diski jana yake, si saini peke yake. Nayo nikaiweka kando. Kilichokuwa kinaamka hapa kilichagua saini tu, kikaacha kila kitu kingine salama.

Nikaenda kwenye folda. Outlook ile ya kawaida ya Windows, si ile mpya, huhifadhi saini kwenye diski mahali panapoeleweka: ukiandika %APPDATA%\Microsoft\Signatures kwenye upau wa anwani wa File Explorer, unafika moja kwa moja. Kila saini ina mafaili matatu yenye jina moja: la .htm kwa barua zenye mapambo, la .rtf kwa zile za mfumo wa Rich Text, na la .txt kwa barua za maandishi matupu. Kama saini ina nembo, kunakuwepo na folda ndogo ya picha pembeni yake. Ukiyajua hayo huhitaji kubahatisha tena, maana unaweza kuitazama saini kwa macho bila kumuuliza Outlook chochote.

Niliandika saini upya, nikatazama tarehe ya faili la .htm. Safu ya Date modified ilionyesha leo, saa ileile. Vizuri. Nikatoka kwenye akaunti, nikaingia, nikatazama tena faili lilelile. Tarehe ilisomeka 2019.

Hapo nilisimama kidogo. Tarehe ya faili huenda mbele; ukiliandika leo, inakuwa leo. Hairudi nyuma miaka kadhaa kwa sababu programu imeshindwa kuhifadhi. Lakini Windows ikinakili faili kutoka sehemu moja hadi nyingine, nakala hubeba tarehe ya mabadiliko ya faili la asili. Maana yake ni kwamba kuna mahali faili la 2019 lilikuwa limehifadhiwa, na kila asubuhi lilikuwa linaletwa na kufunika lile la dada. Hakuna kilichoshindwa kufanya kazi. Kulikuwa na kazi inayofanyika kwa uaminifu mkubwa, kila siku, bila mtu kujua.

Nimeona mafundi wengi wakiipita safu hiyo ya tarehe bila kuitazama, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa wiki mbili. Ukipewa kisa cha kitu kinachorudi kuwa kama zamani, iwe saini, iwe mpangilio wa printa au ukurasa wa kwanza wa kivinjari, tazama tarehe jioni, kisha uitazame asubuhi.

Ndipo nikayakumbuka maneno ya dada kuhusu Jumamosi. Nyumbani saini ilikaa. Nyumbani hakuna nini? Hakuna mtandao wa ofisi, kwa hiyo hakuna sava. Nikaandika saini tena, nikachomoa kebo ya mtandao, nikazima na Wi-Fi, nikatoka kwenye akaunti na kuingia. JARIBIO lipo. Nikachomeka kebo, nikatoka na kuingia. Halipo. Nikarudia mara ya pili nisije nikawa nimebahatika. Ikawa vilevile. Faili la 2019 lilikuwa linakaa kwenye sava.

Wakati nikirudiarudia, mzee wa stoo alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri karatasi kwenye printa. Nilishamwamkia shikamoo asubuhi. Sasa nikamuuliza kama kompyuta yake nayo ina tabia hii. Akasema yeye saini yake hajawahi kuibadilisha, hajui. Halafu akaongeza, "Lakini hilo dirisha jeusi ulilolipita hapo sasa hivi, na mimi ninalo. Linatokea asubuhi, linapotea. Lipo tangu enzi za fundi wa kwanza."

Dirisha jeusi. Mimi nililiona kila nilipoingia kwenye akaunti ya dada, likimulika chini ya sekunde moja, na nikalichukulia kuwa kawaida ya mashine. Dirisha jeusi linalotokea na kupotea mtu anapoingia ni dalili ya hati ya amri, faili la .bat, linaloendeshwa na Windows. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika shell:startup, inayofungua folda ya vitu vinavyojianzisha mtu anapoingia. Folda tupu. Hiyo ni ya mtumiaji mmoja. Nikaandika shell:common startup, ambayo ni ya watumiaji wote wa mashine, na pale likawepo faili moja la .bat. Nikalifungua kwa Notepad badala ya kulibofya. Ndani yake mlikuwa na mstari mmoja wenye maana: amri ya xcopy inayochukua saini kutoka kwenye folda ya sava yenye jina la mtumiaji na kuipeleka kwenye folda ya Signatures, pamoja na kipengele cha /Y kinachoiambia ifunike faili lililopo bila kuuliza. Sava isipopatikana, amri inashindwa kimya na dirisha linajifunga. Ndiyo sababu ya Jumamosi.

Kama nisingelikuta hapo, ningeendelea kutafuta kwenye Task Scheduler, ratiba ya kazi za Windows, kisha kwenye funguo za Run ndani ya rejista ya Windows, kisha kwenye sera za sava zinazoendesha hati mtu anapoingia. Kuna programu ya bure ya Microsoft iitwayo Autoruns inayokusanya sehemu zote hizo kwenye dirisha moja, na kwa mashine usiyoijua historia yake ni bora kuanza nayo.

Nataka kumtendea haki fundi yule wa kwanza. Alichokifanya kilikuwa na akili. Ofisi ilitaka saini zote zifanane, nembo moja, rangi moja, na yeye akatafuta njia ya kuzituma kwenye kila mashine bila kuzunguka meza kwa meza. Ilifanya kazi miaka yote ile. Kilichokosekana ni maandishi. Aliondoka, hati ikabaki, na hakuna karatasi hata moja ofisini iliyosema ipo. Ilikaa kimya mpaka namba za simu zilipobadilika na watu kuanza kuzigusa saini zao. Nilipopita kwenye mashine zote tisa niliikuta kwenye sita. Tatu zilizonunuliwa baada yake hazikuwa nayo, na hilo ndilo lililokuwa likiwachanganya wafanyakazi: kwa wengine saini inakaa, kwa wengine haikai, basi lazima atakuwa ni mwenye kompyuta hajui kuitumia. Dada wa nyaraka alikuwa ameshaambiwa hivyo na wenzake, na alikuwa ameanza kuamini.

Sikuifuta hati siku ile. Uamuzi haukuwa wangu. Nilimwendea mama mkurugenzi nikamweleza kwamba zipo njia mbili: tusahihishe mafaili kwenye sava ili saini ziendelee kutumwa zikiwa sare, au tuiondoe hati kila mtu aitunze saini yake. Akauliza swali la maana, "Mtu akibadilishwa cheo, nani atakumbuka kwenda kwenye hiyo sava?" Hakuna aliyekuwepo. Akachagua iondolewe. Nikaihamisha hati kutoka kwenye Startup za mashine sita hadi folda ya pembeni, nikaiacha humo wiki nzima kabla ya kuifuta, endapo ingekuwa na kazi nyingine ambayo sikuiona.

Kwa dada jambo lilibaki na mkia. Kesho yake aliniandikia kwamba saini imekaa, lakini anapojibu barua haitokei. Hili si kosa la mashine, na nadhani ndilo linaloongoza kwa kuitwa "saini haihifadhiki" katika ofisi nyingi. Outlook ina sehemu mbili za kuchagua saini: moja ya barua mpya, nyingine ya majibu na barua zinazosambazwa. Unaweza kuandika saini nzuri, ukaihifadhi, nayo ikakaa pale miaka bila kutokea popote, kwa sababu sehemu hizo zimeachwa kwenye none, yaani hakuna; kwa dada ilikuwa ile ya pili. Na ukiwa na akaunti mbili za barua pepe, uchaguzi hufanywa kwa kila akaunti peke yake. Wanaotumia Gmail wana mtego wao wa aina hiyo: kitufe cha Save Changes kiko chini kabisa ya ukurasa mrefu wa mipangilio, na mtu akishaandika saini huona kazi imekwisha, akafunga ukurasa bila kufika kule chini. Nilimwelekeza dada kwa simu, ikachukua dakika moja.

Mhasibu alikuja na jambo jingine. Yeye hakuwa na hati. Mashine yake ni mpya. Alitaka kuondoa saini tatu za zamani, akaenda mwenyewe kwenye folda ya Signatures, akayafuta mafaili, na alipofungua Outlook yakarudi. Alikuwa ameshasikia kisa cha dada, akadhani ni ugonjwa uleule. Safari hii nilianza na maswali. Je, mafaili yana anwani ya barua pepe ndani ya mabano mwishoni mwa jina? Yanayo. Je, saini zilezile anaziona akifungua barua zake kwenye kivinjari? Anaziona. Basi saini zake hazikai kwenye diski. Kwa akaunti za Microsoft 365, Outlook za miaka ya karibuni huhifadhi saini ndani ya sanduku la barua kule kwenye wingu, yaani kwenye sava za Microsoft kupitia intaneti, na folda ya diski hubaki na nakala tu. Ukifuta nakala, Outlook inaileta tena, na ndivyo inavyotakiwa. Upo mpangilio kwenye rejista, DisableRoamingSignatures, unaozima utaratibu huo, lakini sikuona sababu ya kuugusa. Mhasibu hutumia kompyuta mbili, na kwake saini zinazomfuata ni faida. Tulizifuta saini tatu kutokea ndani ya Outlook yenyewe, zikaondoka kote.

Wiki ilipoisha nilirudi kuifuta hati moja kwa moja. Kwa dada wa nyaraka nilifungua folda ya Signatures kabla sijagusa chochote: faili la .htm lilikuwa na tarehe ya Jumanne iliyopita, siku aliyorekebisha namba yake. Haikuwa imesogea. Nikaomba daftari la ofisi, lile linaloandikwa namba za printa na nywila ya Wi-Fi, nikaandika humo hati ilikuwa wapi, ilifanya nini, imeondolewa lini na kwa idhini ya nani, na saini za nani sasa zinakaa kwenye wingu na za nani kwenye diski, kwa ajili ya fundi atakayekuja baada yangu.